Nimevunjika Mkono

Barafu ya Dundee haina kelele.
Saa kumi na mbili asubuhi, Jumanne,
nashuka mteremko wa Hilltown kwenda kazini,
kwa wazee ninaowaogesha na kuwavalisha soksi,
mguu ukaenda mbele, mimi nikabaki,
halafu sikubaki.

Sasa nimekaa kwenye kiti cha plastiki,
mkono wa kulia mapajani
kama mtoto wa mwenzangu
niliyeombwa nimshike kidogo.

Nesi Ailsa, kalamu mdomoni, anaisoma fomu:
Ulivunjaje mkono wako?

Mimi?
Nimwambie nini binti wa watu.
Sikuuvunja, mwanangu. Una kosa gani mkono huu
hata niuvunje? Ndio unaosonga ugali.
Nimevunjika mkono. Basi.
Kwetu kitenzi kinaanguka pamoja nawe,
hakisimami pembeni kukunyooshea kidole.

Lakini Kiingereza kinataka mtu.
Kinataka mvunjaji, kinataka na mwenye mali,
na wote wawili ni mimi:
mwizi mimi, niliyeibiwa mimi.
Hata Shomari, niliyemzaa hapahapa,
ghorofa ya pili ya hospitali hii,
ananisahihisha kwenye simu:
"Mama, sema nimevunja mkono wangu."
Wangu! Kwani ningevunja wa nani?
Nanawa mikono, naumwa kichwa,
najikwaa kidole, nang'oka jino,
na hajatokea mtu akaniuliza: la nani?

Na neno lenyewe, sikioni mwangu, ni breki.
Breki, kama ya gari.
Laiti ningekuwa nayo pale mteremkoni.

Nacheka. Ailsa anadhani ni maumivu.

Kwenye foleni ya eksirei
nilivihesabu nilivyowahi kuvunja.
Nilivunja ungo nikiwa darasa la sita;
shangazi Mwanaidi akanifunga khanga mpya,
wala hapakusikika kitu kupasuka.
Kila mwisho wa Shaabani tulivunja jungu,
na jungu likaoshwa, likarudi jikoni.
Marehemu Kombo alituvunja mbavu
mpaka tukamwomba anyamaze.
Mbavu zote hizi hapa, mashine itaziona.

Picha ikatoka: ufa mwembamba,
uzi mweusi juu ya mfupa.
Daktari anasema utazibwa. Ukuta bado umesimama.

Lakini mama.

Mama nilimwambia: vuli ikianza nitakuwa hapo.
Vuli ikapita, na masika, na vuli nyingine,
nami nahesabu shifti na nauli,
nauli na shifti,
mpaka aliyekuwa akingoja akachoka kungoja.
Miaka minne nawaambia watu, ahadi ilivunjika,
kama vile nayo iliteleza alfajiri kwenye barafu.
Ni ile -ika yetu, ndogo, mpole,
imekaa mkiani mwa kitenzi
imetandaza khanga,
na nyuma ya khanga nimejificha mimi.

Ailsa amerudi na plasta. Kile kisanduku
bado kitupu.
Andika niliteleza, namwambia.
Andika mkono umevunjika, kivyenu au kivyetu,
mtajua wenyewe.

Ila wakati anauzungushia bandeji ya maji moto
nilijaribu polepole, ulimi ukigusa meno,
kwa lugha yao, kwa sarufi yao yote:
nimevunja ahadi yangu.
Mtenda, kitenzi, na mali yake.
Shomari asingepata cha kusahihisha.

Wakanipa karatasi nisaini.
Nikasaini kwa mkono wa kushoto.
Jina limetoka limepinda,
silitambui,
ni langu.