Viti Arobaini

Mimi ndiye niliyepanga viti.
Arobaini, ndani ya ukumbi wa zimamoto wa Idrija;
gari jekundu tulilitoa nje likaangukiwe na theluji
ili sayansi ipate pa kusimama.
Waliokuja: kumi na tisa, na mbwa wa Ludvik.

Daktari Breda alifika kutoka Ljubljana
na ubongo wa plastiki ndani ya mfuko wa sokoni,
ukichungulia kati ya vitunguu na mkate.
Akawasha projekta. Ukutani pakawaka
manjano, zambarau, mishale, asilimia,
na maneno marefu kama treni ya mizigo
inayopita kituo bila kusimama.
Dakika ya kumi, Ludvik alikoroma.
Dakika ya kumi na tano, mbwa naye.

Mji huu si mgeni wa mitetemo.
Karne baada ya karne tulichimba zebaki.
Babu zetu walitoka shimoni na mikono
isiyoweza kufikisha kijiko kinywani,
supu ikaishia kifuani,
na hakuna aliyewaeleza kitu.
Waliambiwa: ni uchovu. Waliambiwa: ni pombe.
Asiyeelezwa hujieleza mwenyewe,
na aghalabu hujieleza kwa lawama.

Ndipo Pavla Kogej akanyanyua mkono,
au mkono ukajinyanyua, siku hizo ilikuwa vigumu kujua.
Pavla, mfuma lesi, aliyewafumia nusu ya maharusi wa hapa.
"Daktari, hiyo zambarau hapo ukutani,
ndiyo inayonimwagia kahawa?"

Projekta ikavuma peke yake.
Daktari akaizima.
Akavuta kiti, kile chenye mguu mbovu, nilikuwa nimemwonya,
akaketi mbele ya Pavla, goti kwa goti:
"Nionyeshe unavyofuma."

Mto wa lesi ukaletwa kutoka ng'ambo ya barabara,
njiti ishirini na nne zikining'inia kwenye nyuzi,
zikigongana kama meno ya mtu aliyelala nje.
Pavla akaeleza: huu unavuka ule, unapinda, unashikwa na pini;
vuta mmoja kwa pupa, ua la pembeni kabisa linakunjamana.

"Basi unajua nusu ya ninayoyajua," akasema daktari.
"Kuna njiti huko ndani inayogonga bila kuombwa.
Tunapitisha waya, mwembamba kama tambi,
tunatia umeme kidogo, inatulia.
Haiponi. Inatulia.
Na mara nyingine ulimi nao huwa mzito.
Nusu iliyobaki hata mimi siijui."

Hapo watu wakasogeza viti.
Nilisikia vyuma vikikwaruza sakafu yangu, nikanyamaza.
Kijana wa duka la baiskeli akatamka neno "kifafa"
kwa sauti, mara ya kwanza katika maisha yake,
akatazama huku na huku kama aliyevunja sahani.
Mama mmoja akauliza
kama huzuni ya mumewe yaweza kuonekana kwenye picha.
"Bado," akajibu daktari,
"na atakayekuuzia picha hiyo, mfungie mlango."

Mwezi Machi walimtoboa Pavla fuvu, akiwa macho,
wakampa karatasi achore mzunguko wa konokono.
Wa kwanza ulikuwa nyasi katika dhoruba.
Wakaongeza umeme.
Wa pili ulikuwa konokono.
Pavla akacheka, wakamsihi asicheke sana.

Leo Ijumaa nimepanga viti tena, na havikutosha.
Msemaji ni Pavla. Betri iko chini ya mtulinga;
huigonga kwa kidole kama anayejibishia hodi mwenyewe.
Husema polepole kuliko zamani.
Neno "Jumatano" lilimtoroka,
tukalingoja wote, hakuna aliyemsaidia.

Nimesimama mlangoni, theluji mgongoni.
Daktari Breda yuko safu ya nyuma, anaandika.
Kusema kweli, mimi sisikilizi.
Natazama kikombe mkononi mwa Pavla,
kahawa imejaa mpaka ukingoni,
na taa ya dari imo ndani yake, nzima,
haijavunjika.