Ritifaa

Waliniita Bondeni asubuhi, na ngazi yangu na makopo mawili,
nipake ubao wa duka la misumari na saruji
alilowaachia baba yao, marehemu Famau.
"Andika Kizungu," wakasema. "Wateja wa siku hizi wataka Kizungu."
BROTHERS ikakaa vyema, herufi zimenyooka kama mabati mapya.
Ikabaki ritifaa.

Twaha aitaka kabla ya S.
Badi aitaka baada.
Nikadhani wapimana shule.
Kumbe wapimana duka.

Mwalimu Dama, aliyetusomesha usiku kule Tononoka,
wapaka rangi, makuli na bawabu mmoja wa benki,
alituambia: kimkia kikitangulia S, mwenye mali ni mmoja;
kikifuata, ni wengi, na wagawane.
Tena "its" ya kumiliki haivai kimkia kabisa:
kilicho chake ni chake, hakihitaji hirizi.
Nikamuuliza, mbona basi ng'ombe wetu anacho
na hamiliki hata kamba aliyofungiwa?
Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.
"Hicho cha ng'ombe," akasema, "ni cha pua."

Alitutesa pia kwa "he" na "she".
Niliandika insha juu ya mamangu
nikamfanya mwanamume aya mbili nzima.
Kwetu neno hutazama kitu: kiti chake, deni lake, nyumba yake;
mwenyewe akae ndani na pazia lake.
Kizungu humfunua mwenyewe kwanza, ndipo kiulize ana nini.

Basi niko juu ya ngazi, brashi yanidondokea kiatuni.
"Leseni ina jina langu," Twaha asema.
"Na mkopo?" Badi auliza. "Mkopo una jina la nani?"
Kimya. Mkokoteni wa maji ukapita.

Ndani, nyuma ya kaunta, Mwanasiti apima misumari ya inchi tatu,
kilo na robo. Dada yao.
Daftari yuwalishika yeye tangu macho ya mzee yalipoanza ukungu.
Hakuna aliyemuuliza kimkia kikae wapi.
Akasema, bila kuinua uso kwenye mizani:
"Na neno lenyewe hilo, mimi nimo?"

Nikautazama ubao.
Herufi nane, na hakuna hata moja
iliyomwachia mlango.

Nikashuka, nikaomba tapentaini, nikafuta.
DUKA LA NDUGU, nikaandika.
Ndugu mmoja, ndugu kumi; wa kiume, wa kike; neno ni lile lile.
Twaha alisoma akajiona.
Badi alisoma akawaona wawili.
Mwanasiti alitoka hadi barazani, akasoma,
akarudi kupima misumari.
Walinikata mia mbili kwa rangi iliyopotea.

Juzi nilipita tena.
Mtu amechora, kwa makaa, kimkia kimoja kidogo
mwisho kabisa, baada ya U,
pahali ambapo kwetu hakina kazi, wala cha pua si.
Nilisimama juani nikakisoma kwa muda.
Ni mkono wake, nikasema moyoni,
wake,
na lugha yangu ikakataa kuniambia
wa nani.