Dhamana ya Shaame

Honda yenyewe milioni moja na nusu.
Karatasi, laki mbili juu yake.
"Mwaka mzima," Shaame asema,
"ikikufia, niletee hapahapa Machomane."

Nikaisoma chini ya taa ya duka, mstari kwa mstari:
injini imo. Cheni haimo. Tairi hazimo.
Kutu haimo, na hii ni Pemba,
ambako hata bawaba za mlango hukohoa chumvi.

Laki mbili ni pishi ngapi za karafuu?
Nikahesabu kwa vidole
ambavyo bado vyanukia msimu.

Nikampigia Mize. Kimya, sufuria zikigongana.
"Hiyo pikipiki ilikuwa ya nani?"
Ya mwalimu wa Konde, miaka sita akiendea skuli.
"Na wewe, mie nilikutwaa kwa karatasi gani?
Wake wawili walishakurejesha,
goti moja lalia kila ukipanda ngazi.
Nani alinipigia muhuri?"

Akakata. Mchuzi ulikuwa unamwagika.

Shaame ananitazama, kalamu kaishika,
kifuniko keshakifungua.

Iwashe tena, nikamwambia.
Sasa imeshapoa.