Kutwa Mara Tatu

Moja mara tatu. Niliandika hivyo
kwa mkono uliozoea kukimbia,
foleni imefika mlango wa maabara,
feni inasaga joto la Marikiti
na harufu ya iliki iliyopenya dirishani.
Moja mara tatu, na mstari chini yake,
kana kwamba mstari ni maelezo.

Bi Mwanasiti Shee aliipokea karatasi,
akaikunja, akaifundika pembeni mwa leso
pamoja na nauli ya kurudi Likoni.
Hakuuliza. Sikuuliza.
Ilikuwa mwezi tatu Ramadhani
na mimi sikuitazama kalenda,
nilitazama mashine ya presha
na saa ya ukutani.

Usiku wa kumi, kwenye tarawehe,
aliinuka kutoka sijida
ukuta ukamkimbia.

Wakamleta asubuhi kwa tuktuk,
bonge la uvimbe juu ya jicho,
na binti yake, Rahma, amepakata kopo la samli
kama mtu aliyebeba ushahidi.
Nikauliza, sauti yangu ina kidole ndani yake:
Dawa ulikunywaje, mama?
"Kama ulivyoandika. Tatu."
Zote pamoja?
"Baada ya tende na uji."
Akanitazama kama amtazamavyo mtoto
aliyekosea aya aliyofunzwa jana.
"Mwanangu, kutwa nimefunga.
Hiyo kutwa yako uliiweka wapi?"

Feni ndiyo iliyojibu.

Rahma akamimina kopo mezani.
Vya pinki, vya kliniki ya ng'ambo.
Vyeupe, vya duka la dawa Kongowea.
Vya jirani, ndani ya karatasi ya kalenda,
"alisema yeye vilimfaa."
Na vya kizunguzungu, mwandiko wangu mimi,
nilivyompa mwezi wa Rajabu
kutibu kizunguzungu
kilicholetwa na vya pinki,
ambavyo sikujua kama vipo
kwa sababu sikusema: lete vyote nivione.

Nikamwita Swaleh wa dirisha la dawa.
Akavaa miwani, akavigeuza kimoja kimoja,
polepole, kama achaguaye mchele.
"Hivi na hivi," akasema,
"baba mmoja, mama mmoja.
Wamevaa kanzu tofauti tu."
Halafu, bila kuniangalia:
"Na ya kunywa mara moja kwa siku ipo.
Iko rafuni tangu uje. Hujawahi kuiandika."

Miaka sita nilifunzwa kuandika.
Kufuta sikufunzwa.
Nilipochora mstari juu ya jina la kwanza
kalamu ilikwaruza kama imekanyaga mchanga.
La pili. La tatu.
Bi Mwanasiti akashika ukingo wa meza:
"Unaninyang'anya dawa? Nimekukosea nini?"
Ikabidi nivute kiti upande wake,
nimweleze, nieleze tena,
nimwambie asa wewe nambie mimi,
na aliponiambia nikagundua
nilikuwa nimeeleza vibaya, nikaanza upya.
Nje foleni ilikohoa kwa makusudi.

Nikaandika kwa herufi za chekechea:
Kidonge kimoja. Baada ya daku,
kabla ya adhana ya alfajiri.
Ukihisi kizunguzungu, usiongeze kitu. Njoo.
Swaleh akaisoma kwa sauti dirishani
na kwa mara ya kwanza
hakunipigia simu kuuliza hii ni saba au ni moja.

Sasa wagonjwa wangu wananuna kwa kungoja.
Wapo ninaowakosea bado.
Jana nilimwandikia dereva wa lori
dawa ya mafua inayoleta usingizi,
nikamkimbilia hadi getini, koti linapepea,
askari akadhani nimeibiwa.

Idi mosi ilipita. Idi tatu
lile kopo la samli lilirudi mezani pangu,
limejaa visheti vya moto,
na juu ya kifuniko, kwenye plasta,
mwandiko wa Rahma:
Kutwa mara tatu.

Swaleh alivimaliza kabla ya adhuhuri,
vyote pamoja.