Ratiba ya Siku Mbili

Nimeichukua kalenda ya mbolea ya mwaka jana,
nikaigeuza mgongo, nikapiga mistari kwa rula.
Jumamosi, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri:
mlango ufungwe, ufunguo kwa Mama Lusajo,
kuku wahesabiwe mbele yake.
Tusekile anachagua mchele, hasemi kitu.
Kupeleka mchele Kyela, namwambia, ni kuichotea mvua maji.
"Andika," ananijibu. "Mchele, kilo mbili."

Miaka thelathini na moja nilikaa stesheni
nikiandika kwa chaki saa ya treni kufika,
nikiifuta, nikiandika nyingine, nikifuta tena,
hata ubao ukasahau weusi wake
na abiria wakaacha kuusoma,
wakawa wanausoma uso wangu.
Ndiyo maana siku hizi nazipenda dakika.
Dakika zangu mwenyewe,
zisizongoja injini kutoka Kapiri.

Basi. Saa moja kasorobo, Uyole.
Hapo baridi ina meno, tuvae makoti;
Tukuyu tutayafungua vifungo,
Kyela tutajuta kuzaliwa nayo.
Tukuyu kuna mvua. Nimeitengea robo saa.
Chai, kikombe kimoja kimoja, tukitazama migomba,
kisha barabara ishuke, ishuke,
masikio yazibe, yazibuke,
na saa sita kamili tuwe Matema,

ambako, nasikia, huku ni maji mpaka macho yachoke
na huku milima imesimama wima, miguu ndani ya ziwa,
kama ng'ombe walioshuka kunywa
wakasahau njia ya kurudi.
Nasikia, maana mimi sijafika.
Mimi nimeuza tiketi za watu wanaofika.

Saa nane, soko la vyungu vya Wakisi.
Tununue kimoja, kidogo, kisichovunjika.
"Chungu kisichovunjika," anasema Tusekile kwa mchele wake.
Saa kumi na moja, mbasa wa kuchoma.
Usiku, chumba: kuna cha nyuma,
na kuna kinachotazama maji, kimezidi elfu kumi na mbili.
"Hicho cha maji."
Usiku, mke wangu, maji hayaonekani.
"Yanasikika."
Nimeandika. Nimepunguza soda.

Nilipokuwa natafuta kifutio kwenye droo
mkono umeikuta pasi yake ya reli:
mke wa mfanyakazi, safari nne za bure kila mwaka,
na picha yake ya shingo ndefu,
anatazama kando kama mtu anayesikia honi.
Haijakunjwa hata pembe.
Mwezi ujao, nilikuwa nasema.
Mara mtoto ana surua, mara mahindi hayajavunwa,
mara zamu ya mwenzangu imeniangukia.
Miaka thelathini na moja mara nne.
Hesabu hiyo ni nyepesi. Sikuimalizia.
Nimeirudisha chini ya risiti za umeme,
nikatoka na kifutio, nikasema vumbi la droo limeniingia machoni.

Jumapili nilikuwa nimeipanga vizuri kuliko zote:
saa mbili, uji;
saa tatu, kupanda hadi maporomoko, goti lake likikubali;
saa nne na dakika ishirini, picha;
saa tano, kuaga.
Ameweka ungo chini.
Yeye, ambaye hajawahi kugusa karatasi zangu,
amenyoosha mkono, nami nikampa kifutio.
Amefuta saa tatu. Amefuta na picha.
Amepuliza vile vinyuzi vya mpira, taratibu,
mpaka pakabaki mahali peupe pana kama kiganja.

Hapo sasa tunafanya nini?
"Hapo," Tusekile akasema, "treni imechelewa."
Inafika saa ngapi?
Hakunijibu. Amenitazama tu
kwa ule uso wangu wa stesheni,
ule niliokuwa nawapa abiria
ili watue mizigo, watandike khanga,
wakae.