Msikivu

Kwenye ripoti ya darasa la sita, Kimilili, muhula wa pili,
chini ya hesabu, thelathini na moja kwa mia,
Mwalimu Khaemba aliandika kwa wino wa kijani:
*Sitawa ni mtoto msikivu.*

Baba aliisoma mlangoni, matope hadi magotini.
"Msikivu ndiye mtiifu?"
Mama alikuwa anapepeta wimbi. Alisema ni mamoja.

Si mamoja. Nimekua, nimelichokonoa neno
kama mtu anayetoa funza kwa pini
(funza mdudu, si funza somo,
ingawa yote mawili huingia chini ya ukucha).

Utii ni mgeni. Ulitoka Uarabuni, ukakaa pwani miaka mingi,
ukapanda reli pamoja na karani na kichupa chake cha wino,
ukashuka Webuye, ukaingia kwenye barua za babu kwa Bwana Disii:
*Mimi, mtumishi wako mtiifu.*
Babu hakuwa mtumishi wa mtu. Alikuwa akidai ng'ombe wake wawili.

Usikivu ni mwenyeji. Umezaliwa na sikio:
sikia, sikiza, sikilizana,
na hilo la mwisho halifanywi na mtu mmoja.

Baba alifundisha maksai kulima.
Alijua kisu hutangulia, nira hufuata,
kisha majirani husifu: ona alivyo mpole!
Alijua pia kwamba ng'ombe anayeinamisha kichwa upande mmoja
hatii.
Anatafuta sauti.

Jioni ile alisimama nyuma yangu, kushoto,
akaniita, si kwa ukali.
Niliendelea kusugua sufuria.
Akaita tena.
Ungo wa mama ukanyamaza. Hilo nililiona, sikulisikia.

Ni kofi moja tu, muhula wa kwanza,
kwa swali nililouliza mara mbili.
Tangu siku hiyo nilikaa dawati la mbele,
nikampa mwalimu sikio la kulia,
shingo imepinda kama ya mwenye adabu.

Asubuhi baba aliwaacha maksai na nira shingoni,
akanishika mkono hadi ofisini, ripoti mfukoni.
Akaniambia nisubiri nje.
Waliongea muda mrefu, mlango wazi.
Mpaka leo sijui walisema nini:
benchi lilikuwa moja,
na mlango ulikuwa kushoto kwangu.