Viatu vya Eleuterio

Mwongozaji alikuja na kamera ya kukodi
na nywele zisizochanwa. Filamu yangu ya kwanza, alisema,
itakuwa kweli tupu.
Akamchagua kaka yangu Eleuterio
kwa sababu ya mbavu zake.

Siku ya kupiga picha, Eleuterio alishuka kilimani
amevaa viatu. Vipya. Vyeusi.
Miezi saba alibeba makaa bandarini Valparaíso
hadi akavipata; usiku vililala kitandani,
sisi sakafuni.

Mwongozaji akavitazama, akakuna shingo.
"Vua. Maskini wangu hana viatu."

Basi akavivua.
Akapewa peso mbili, akakimbia
juu ya mawe, juu ya vigae, mara tisa,
maana zile nane za mwanzo
hakuchechemea ipasavyo.
Mimi nilikaa pembeni nimevipakata
kama mtoto wa jirani.

Sinema ilipofunguliwa, watu walilia.
Bibi mmoja mwenye manyoya shingoni
alinipa leso yake, asijue mimi ni nani.
Kwenye pazia jeupe nyayo za kaka
zilikuwa pana kuliko mlango wetu,
na damu, kwa kuwa picha haikuwa na rangi,
ilitoka nyeusi, ikimetameta,
nyeusi ile ile.

Mwaka ulikuwa umepita, na miguu haingoji mtu.
Gizani, kando yangu, nilimsikia
akilegeza kamba polepole,
kwanza ya kushoto, kisha ya kulia,
asimsumbue bibi anayemlilia.